Baruti ya Nchi ya Joto

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyokuwa imejigeuza sura na kujiita Kronborg chini ya bendera ya Denmark, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiiandama. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliona hapana tena pa kukimbilia. Akaipeleka kwenye maji mafupi, akaiacha izame kidogo, akawasha moto sitahani ili Waingereza waamini kila kilichomo kimeteketea. Wakaamini, wakaondoka. Baada ya hapo wapiga mbizi walianza kutoa shehena: bunduki za Mauser na mamilioni ya risasi, zote zimelowa maji ya chumvi.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi risasi hizo zilivyoanza kugoma. Baruti ilikuwa inaharibika, na fataki, ile kofia ndogo kwenye kitako cha risasi inayowasha baruti ikigongwa, zilizidi kulala siku hadi siku. Ikabidi risasi zifunguliwe moja moja: kichwa kando, baruti kando, fataki kando. Baruti ikasafishwa, fataki mbovu zikabadilishwa kwa nyingine zilizopatikana humo humo koloni, kisha kila risasi ikafungwa upya. Kazi hiyo ilikwenda usiku na mchana kwa miezi, vikosini na kwenye mabohari. Risasi zisizo na shaka waliwawekea wapiga bombomu. Zilizofufuliwa, ambazo hadi moja katika kila tano bado iligoma, zikapelekwa vitani. Zilizozidi hapo kwa ubovu zikaishia kwenye mazoezi ya shabaha. Hebu fikiria kuingia vitani ukijua kwamba katika risasi tano za kwanza mojawapo huenda isilie.

Sidhani kama pwani hii imewahi kuona tena kazi ya kujaza risasi ya ukubwa huo. Lakini katika kazi yote hiyo hakuna aliyechagua baruti. Iliyotoka kwenye ganda ndiyo iliyorudi kwenye ganda, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Mtu anayejaza risasi zake leo huko Pretoria, Texas au Tampere yuko katika hali tofauti kabisa. Mbele yake kuna rafu yenye makopo kadhaa wa kadhaa, yote yameandikwa kuwa ni baruti ya raifo, na ukiyafungua utaona punje za kijivu cheusi zinazofanana kama ndugu. Moja kati ya hayo litafaa kwa bunduki yake. Jingine, kwa kipimo kile kile, litaipasua.

Hapa kwetu kujaza risasi nyumbani si desturi. Mwenye leseni hununua risasi zilizokwisha kutengenezwa, na sheria za silaha za Tanzania na Kenya haziachi kazi ya kutengeneza risasi mikononi mwa kila atakaye. Kwa hiyo msomaji asitafute vipimo vya gramu katika sura hii. Anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo katika nchi anayoishi ana vitabu vya watengenezaji wa baruti na wa vichwa vya risasi, na hivyo ndivyo vya kufuatwa. Nitakachoeleza ni jinsi uchaguzi wenyewe unavyofanyika, na jinsi jua la nchi zetu lilivyoingia katika hesabu za watu waliokaa London na Birmingham wakibuni risasi za kuulia tembo.

Baruti ambayo mababu waliijua ni nyeusi: shura, mkaa na salfa, kwa uwiano wa karibu 75, 15 na 10. Ndiyo ya gobore mpaka leo. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi hata kidogo. Sehemu hubaki mtutuni kama masizi yenye chumvi, nyingine hutoka nje kama wingu zito jeupe. Wingu hilo lina historia yake Tanga. Mnamo Novemba 1914, Waingereza walipowashusha askari wao kutoka India ili wauteke mji, askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 inayotumia baruti nyeusi. Kila aliyefyatua alijitangaza alipo. Walishinda hata hivyo, na miongoni mwa mateka yao mlikuwa na bunduki za kisasa 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Kombania tatu zikabadilishiwa silaha, zikaachana na moshi.

Baruti isiyo na moshi ilikuwa na umri wa miaka 30 tu wakati huo. Paul Vieille aliitengeneza Ufaransa mwaka 1884 kwa kuyeyusha pamba iliyotibiwa kwa asidi, yaani nitroselulosi, na kuifanya kitu kigumu kinachoweza kukatwa vipande. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyojengwa kwa ajili ya baruti hiyo. Alfred Nobel akaja na yake mwaka 1887, akichanganya nitroselulosi na nitrogliserini. Mwaka 1889 Waingereza Frederick Abel na James Dewar wakatoa kordaiti, nyuzi ndefu za rangi ya kahawia zilizopangwa ndani ya ganda kwa urefu. Kuanzia hapo baruti zikagawanyika makundi mawili ambayo bado yapo: zenye msingi mmoja, nitroselulosi peke yake, na zenye msingi wa pili wa nitrogliserini ulioongezwa. Hizi za pili hubeba nguvu zaidi kidogo kwa kila gramu, na huungua kwa moto mkali zaidi.

Neno hilo "kidogo" lina uzito. Wageni wa kazi hii huuliza kwanza baruti ipi ina nguvu kuliko zote. Ni swali la haki, ila halisaidii sana, maana nguvu iliyomo katika gramu moja ya baruti hii na gramu moja ya ile hazipishani mno. Kinachopishana ni mwendo wa kuungua. Makuti makavu na gogo la mwembe vinaweza kuwa na uzito sawa, lakini moja litakwisha kabla hujageuka na jingine litakupikia maharagwe. Ndani ya bunduki muda wote huo ni kama elfu moja ya sekunde au zaidi kidogo, tangu fataki iwake hadi kichwa cha risasi kitoke mdomoni mwa mtutu. Baruti ikikwisha mapema mno, gesi yote inazaliwa wakati kichwa hakijasogea, na shinikizo linapanda mahali ambapo uso wa mpigaji uko karibu. Ikichelewa mno, sehemu yake inaungulia nje, hewani, ikitoa mwanga na kelele zisizosukuma kitu.

Mwendo huo unatawaliwa na umbo la punje. Baruti isiyo na moshi huungua kuanzia nje kwenda ndani, tabaka kwa tabaka, kwa hiyo kadiri uso wa punje ulivyo mpana ndivyo gesi inavyotoka kwa wingi. Kijiti kidogo kisicho na tundu hupungua uso kadiri kinavyoungua. Ukikitoboa tundu katikati, nje inasinyaa huku tundu likipanuka, na jumla ya uso inabaki karibu ile ile. Punje za mizinga mikubwa hutobolewa matundu saba, zikaungua kwa kasi inayoongezeka. Juu ya hayo, watengenezaji hupaka punje kemikali inayochelewesha moto mwanzoni, kisha grafaiti ili zisishikane wala kukusanya umeme tuli. Grafaiti hiyo ndiyo inayozipa rangi ya kijivu, na ndiyo inayofanya zote zifanane kwa macho. Hakuna mtu, hata awe fundi wa miaka 40, anayeweza kuitambua baruti kwa kuitazama.

Mwaka 1933 ikaja namna nyingine kabisa. Fred Olsen wa Western Cartridge, Marekani, alipata njia ya kutengeneza baruti ndani ya maji, ikatoka kama vitufe vidogo. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, salama kwa wafanyakazi, na iliweza kutumia hata baruti kuukuu ya vita vilivyopita kama malighafi. Vitufe hivyo hutiririka kwenye mashine ya kupimia kama mtama mkavu, wakati vijiti virefu hukwama na kukatwakatwa. Kwa mwenye mashine ni raha tupu. Lakini baruti hiyo tutakutana nayo tena huko mbele, mara mbili, na si kwa wema.

Sasa bunduki yenyewe. Fundi anatazama mambo matatu: ganda lina nafasi kiasi gani, mtutu una upana gani, na kichwa kina uzito gani. Ganda kubwa linalolazimika kupumulia kwenye tundu jembamba linataka baruti ya polepole. Ndiyo sababu .300 Winchester Magnum inapenda baruti kama 4831 au H1000, wakati .308 Winchester, yenye kipenyo kile kile lakini ganda dogo, inaelewana na 4895, 4064, Varget ya Hodgdon au N140 ya Vihtavuori ya Finland. Kati yake imekaa .30-06, ambayo 4350 imeitumikia kwa miongo mingi. Ukiongeza uzito wa kichwa, unashuka kuelekea baruti ya polepole zaidi, kwa kuwa kichwa kizito kinachelewa kuondoka, na gesi inayokuja kwa pupa itakikuta hapo hapo.

Wengi wanadhani basi risasi kubwa za tembo zinahitaji baruti ya polepole kuliko zote. Mambo ni kinyume. Katika .458 Winchester Magnum kichwa ni kipana, na kikisogea kidogo tu nafasi ya nyuma yake inapanuka sana. Baruti ya polepole ingeachwa nyuma ikikimbiza shinikizo lisilofikika. Kwa hiyo risasi inayoangusha nyati hutumia baruti ya mwendo ule ule wa .308, au ya haraka kuliko hiyo. Wakati huohuo .416 Rigby, inayofanya kazi hiyo hiyo, inatumia 4350 au 4831. Tofauti iko kwenye ganda: la Rigby ni kubwa mno. Tutaona kwa nini.

Kuna orodha zinazozipanga baruti zote kwa mwendo, kuanzia ya haraka kuliko zote hadi ya mwisho kwa upole. Zinabandikwa ukutani karakana nyingi. Nami nazipenda kama ramani ya kujua mtaa, si ya kupimia kiwanja. Nafasi ya 90 na ya 91 zinaweza kuwa pacha, na kati ya 91 na 92 pakawa na pengo, na orodha haisemi. Isitoshe, baruti mbili zinaweza kubadilishana nafasi zikihamishiwa ganda jingine, maana mwendo wenyewe unategemea shinikizo. Anayesoma kwamba baruti fulani iko jirani na aliyonayo, akachukua kipimo cha jirani, anacheza na mkono wake.

Mfano maarufu unatoka Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilikuwa na baruti nyingi lisiyoihitaji, na Bruce Hodgdon wa Kansas akaanza kuinunua na kuwauzia wawindaji. Kwanza ilikuwa 4895, ile iliyojazwa kwenye risasi za bunduki ya M1 Garand. Baadaye ikafuata nyingine iliyokuwa imekusudiwa mizinga ya milimita 20, ya polepole sana kwa wakati huo. Ikauzwa kwa jina la 4831, na watu wa .270 Winchester wakaiona kama zawadi: rahisi, na inalijaza ganda vizuri. Kizazi kizima kikajifunza vipimo vya 4831 kwa moyo. Kisha miaka ya 1970 baruti mpya ya kundi la IMR ikatoka kwa namba hiyo hiyo, 4831, na ilikuwa ya haraka kuliko ile ya Hodgdon. Namba moja, makopo mawili, mwendo tofauti. Vitabu vya leo huandika H4831 na IMR 4831 kwa uangalifu kama wa mfamasia, na hali ni hiyo hiyo kwa H4895 na IMR 4895. Herufi za mbele si pambo.

Baada ya mwendo kukubaliana, fundi mzuri hutazama ganda limejaa kiasi gani. Baruti inayojaza ganda karibu lote, hata ikakaribia kubanwa kidogo na kichwa, huwaka kwa namna moja kila mara, kwa kuwa haina nafasi ya kulala upande mmoja bunduki ikiinamishwa. Ina faida nyingine ya kawaida sana: ukisahau na kumimina mara mbili, itamwagika mezani na utaona. Baruti ya haraka inayochukua theluthi moja ya ganda haikupi onyo hilo. Mara mbili itaingia kimya kimya, na mpigaji atajua siku ya kupiga.

Upande wa pili una hatari inayowashangaza hata wazoefu. Baruti ya polepole sana ikiwekwa kidogo mno kwenye ganda kubwa inaweza kupasua bunduki. Akili ya kawaida inasema kidogo ni salama. Bunduki zimepasuka, wataalamu wakazichunguza, na bado wanabishana juu ya kinachotokea hasa ndani ya elfu hiyo ya sekunde. Kitabu kikitaja kipimo cha chini kabisa, nacho kiheshimiwe kama cha juu.

Tuje sasa kwenye joto, ambalo watu wa Ulaya waliligundua huku Afrika na India. Kuungua ni kemia, na kemia huharakishwa na joto. Risasi iliyolala kwenye kivuli cha nyuzi 10 na risasi iliyokaa juani kwenye dashibodi ya gari hadi isishikike si risasi moja, hata kama zilijazwa pamoja kwenye meza moja. Ya pili itapanda shinikizo. Kordaiti ya kwanza, yenye asilimia 58 ya nitrogliserini, ilikuwa hodari wa tabia hiyo, na moto wake ulikula mitutu kiasi kwamba baada ya vita vya Makaburu Waingereza waliipunguza nitrogliserini hadi asilimia 30.

Mwindaji wa mwaka 1905 aliyekuwa bondeni mwa Rufiji au kwenye nyika za Tsavo hakujali mita chache za kasi. Alijali ganda linatoka. Shinikizo likipanda kupita kiasi, shaba ya ganda hutanuka ikashika kuta za chemba, na bolti au mtutu unaokunjuka unagoma kufunguka. Tembo aliyejeruhiwa hasubiri. Kwa sababu hiyo Rigby alipotoa .450 Nitro Express mwaka 1898, na wenzake walipofuata kwa .470 na nyinginezo, walitumia maganda marefu yenye shinikizo la chini, na viwanda viliuza pia risasi zilizopunguzwa kordaiti kwa ajili ya nchi za joto. Mwaka 1911 Rigby hiyo hiyo ikaleta .416 kwa bunduki ya bolti, na ganda lake linaonekana kubwa isivyo lazima mpaka ukumbuke jua. Kichwa cha gramu 26 kinatoka kwa mita 730 hivi kwa sekunde, na shinikizo la juu lililowekwa na kanuni za Ulaya ni bari 3,250. Remington walipotoa .416 yao mwaka 1988 walipata kasi hiyo hiyo kwenye ganda dogo zaidi, kwa bari 4,300. Ukiwa Montana, tofauti hiyo haina maana kubwa. Ukiwa Ruaha saa nane mchana mwezi wa Oktoba, mimi ningechagua ganda kubwa na baruti ya polepole, hata nikiambiwa ni ya kizamani.

Winchester walichagua njia nyingine. Mwaka 1956 walitoa .458 Magnum, wakiahidi kazi ya .470 ndani ya ganda la milimita 63.5 linaloingia kwenye bunduki ya kawaida na ya bei nafuu. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikipunguza risasi kubwa, na idara za wanyamapori za Afrika zilihitaji kitu cha kununulika, hivyo .458 ikaenea haraka. Tatizo lilikuwa nafasi. Ili kasi iliyotangazwa ipatikane, baruti ya vitufe ilishindiliwa kwa nguvu chini ya kichwa kirefu cha gramu 32. Baada ya kukaa muda, hasa kwenye joto, baruti hiyo ilishikamana ikawa bonge. Bonge haliwaki kama punje. Wawindaji wakaanza kupata risasi zinazolia kwa uvivu, vichwa visivyopenya, na nyingine zilizochelewa kuwaka. Mmarekani Jack Lott, aliyeumizwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959, alirudi nyumbani na wazo la ganda refu zaidi lenye nafasi ya kutosha baruti kulala bila kushindiliwa. Mwaka 1971 likawa .458 Lott. Siku hizi .458 ya kawaida nayo imetulia, kwa baruti bora zilizokuja baadaye, lakini jina lake halijasafishika kabisa midomoni mwa wazee wa porini.

Mara ya pili baruti ya vitufe kuingia matatani ilikuwa Vietnam. Bunduki ya M16 ilibuniwa na kujaribiwa kwa baruti ya vijiti ya IMR. Mwaka 1964 jeshi la Marekani likahamia baruti ya vitufe iitwayo WC846, likitafuta kasi iliyowekwa kwenye mkataba na uzalishaji wa wingi. Kwa namba za karatasini baruti hiyo ilifaa. Ndani ya bunduki ilibadilisha shinikizo kwenye tundu la gesi, bunduki ikaanza kujizungusha kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, na mabaki ya kalisi kaboneti iliyotumika kupooza asidi yakaziba kabomba la gesi. Askari walikutwa wamekufa bunduki zao zimekwama. Chemba zisizo na kromu na ukosefu wa vifaa vya kusafishia vilichangia, lakini kamati ya Bunge chini ya Richard Ichord, katika ripoti yake ya Oktoba 1967, iliitaja wazi baruti kama chanzo kikubwa. Kisa hiki kinanivutia kwa sababu kichwa kilikuwa kile kile, ganda lile lile, kasi mdomoni ile ile. Kilichobadilika ni njia tu ya kuifikia kasi hiyo.

Leo joto limepata dawa, ingawa si kamili. Kiwanda cha Mulwala nchini Australia, nchi nyingine inayolijua jua, hutengeneza baruti za vijiti ambazo Hodgdon huziuza kwa jina la Extreme: Varget, H4350, H4831 na nyinginezo. Mipako yake imeundwa ili mwendo wa kuungua usibadilike sana kati ya baridi na joto. Baruti ya kawaida, hasa ya vitufe yenye nitrogliserini, inaweza kuongeza nusu mita au zaidi ya kasi kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Mwindaji wa Ujerumani aliyepima risasi zake Februari kwenye nyuzi tano, akaja nazo Tanzania na kuzipiga kwenye nyuzi 36, amebeba ongezeko la mita 15 kwa sekunde ambalo hakuliomba. Na kama alikuwa amejaza hadi ukomo wa kitabu, shinikizo lake limevuka ukomo huo tangu alipoteremka kwenye ndege. Hawezi kurekebisha akifika. Mashirika ya ndege humruhusu kilo 5 za risasi kwenye mzigo, lakini baruti ya kopo haipandi ndege ya abiria. Kwa hiyo uamuzi wote unafanyika nyumbani kwake, wakati wa baridi, na mwenye busara hujaza chini ya ukomo kwa baruti isiyobabaishwa na jua, au huziweka risasi kwenye boksi lenye joto kabla ya kuzijaribu. Wawindaji wa Afrika Kusini wana nafuu: hujaza na hupiga chini ya jua hilo hilo, wengi wao kwa baruti za Somchem za kwao.

Kopo likishachaguliwa, linakuwa peke yake mezani. Hii ni sheria ya karakana zote ninazoziheshimu: baruti moja mezani, nyingine zote kabatini, na iliyobaki kwenye mashine inarudishwa kwenye kopo lake kabla taa haijazimwa. Baruti iliyokutwa kwenye mashine asubuhi, hata kama una uhakika wa asilimia 99 ni ipi, haina jina tena na inatupwa.

Nayo huzeeka. Nitroselulosi hujioza yenyewe polepole, na asidi inayotokana na kuoza huko huharakisha kuoza zaidi. Wafaransa, waliokuwa wa kwanza kuipata, waliilipia pia kwa gharama kubwa: meli zao za kivita Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911 zililipuka zikiwa bandarini Toulon, kwa baruti ya Vieille iliyoharibikia ghalani, na mamia ya watu wakafa. Tangu hapo baruti hutiwa kemikali kama difenilamini inayoinyonya asidi hiyo, nayo ikiisha, ulinzi umekwisha. Joto huimaliza haraka, hivyo kopo la Dodoma lililowekwa chini ya bati halitaishi miaka ya kopo la Helsinki. Ukilifungua likakukaribisha kwa harufu kali ya asidi inayochoma pua, au ukaona vumbi la kahawia nyekundu kama kutu juu ya punje, usilihifadhi kwa ajili ya mazoezi. Wajerumani wa Tanga walifanya hivyo kwa sababu manowari zilikuwa zimefunga bahari.